Dresa Aliyetukataza Kulia

Wengi wanaomkumbuka Dresa wa Ilomba wanakumbuka kwanza viatu vyake. Vilikuwa buti alizorudi nazo kutoka vitani Burma, na kila asubuhi alizing'arisha kwa mafuta, halafu akazikanyagia tope la Mbeya kana kwamba hajawahi kusikia habari za masika. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine. Tuliishi jirani miaka mingi, na tangu siku ile ya radi hakunitazama usoni tena. Alinitazama kifuani. Hakuwa na ubaya wowote, wala hakuna aliyemdhania ubaya. Alikuwa anaangalia kama napumua.

Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe kwa kawaida alimwita Dresa mbele za watu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mhehe wa Iringa aliyeletwa kwetu na kazi. Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja chenye benchi nje, na kazi ya dresa ilikuwa kufunga vidonda, kugawa kwinini na kutia dawa ya macho. Zaidi ya hapo mgonjwa alipelekwa hospitali ya mjini, kwa machela kama ndugu wapo, kwa miguu kama hawapo.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwata. Alisema, "Ingia. Kaa. Toa ulimi." Ukimwamkia "Shikamoo, Dresa," alijibu, "Marahaba, umekunywa dawa?" hata kama huumwi kitu. Bibi mmoja alimwambia, "Baba, mimi napita tu, naenda Mwanjelwa sokoni." Dresa akamjibu, "Pita, bibi, ila hicho kikohozi kitakusindikiza." Bibi akacheka, akarudi, akaketi kwenye benchi.

Kitu alichokichukia kuliko funza na kuliko uchafu ni kilio cha haraka. Kwetu mtu akianguka, kinachotangulia ni kilio. Mwanamke wa kwanza kufika anapiga ukunga, wa pili anaudaka, na maji hayajachemka jikoni, kilima cha ng'ambo kimeshajua kuna msiba. Na kilio kikishatoka hakirudishwi. Aliyekwisha kuliliwa ni maiti. Wanaomgusa ni wazee wa kuosha tu, na mtu mwingine akimshika-shika anaonekana mchawi, au mwenye kichaa. Dresa alipambana na desturi hiyo kama mtu anayepambana na moto wa nyika. "Msilie kwanza," alisema. Aliisema zahanatini, sokoni, mlangoni pa kanisa watu wakitoka ibadani. Watoto walimwigiza wakitembea kwa vishindo vya buti ambazo hawana. "Msilie kwanza! Kulia ni kazi ya jioni. Mchana kuna kazi nyingine."

Hakuanza na maneno hayo. Alikuja kuyapata, na aliyapata kwa sababu yangu.

Siku yenyewe sikuiona. Nilikuwepo, lakini sikuiona. Ninayoyajua nimeyapokea kwa mama yangu kidogo kidogo, kwa miaka, kwa kuwa hakuweza kuyasema yote kwa mara moja.

Ilikuwa masika. Wasichana wa shule ya misheni tulikuwa tunarudi kutoka shamba la shule, majembe begani, na mbele ya wote tulikuwa mimi na Salome, binti pekee wa Dresa. Tulikuwa rika moja, kimo kimoja, vichwa vimenyolewa, magauni ya kaki ya fundi mmoja. Walimu walituchanganya kila siku. Akiitwa Salome naitika mimi, nikiitwa Tumpe anaitika yeye, na tulikwisha kuchoka kusahihisha. Radi ikapiga kabla hata mvua haijashuka sawasawa. Wenzetu wa nyuma walirushwa wakainuka. Sisi wawili tuliangukia uso kwenye tope, hatukuinuka, na mvua ya mawe ikaanza kutupiga migongoni.

Watu walikuja mbio, wakasimama mbali. Kwetu mtu wa radi haguswi mpaka mwenye dawa ya radi afike amzungushie, maana ukimgusa kabla, radi inakufuata nyumbani kwako. Hivyo ndivyo tulivyoamini, na siku ile hakuna aliyetaka kujaribu. Dresa alipofika alikuta duara la watu na wasichana wawili kifudifudi katikati. Akapita. Akapiga magoti juu ya mmoja, akaweka viganja kwenye mbavu za chini, akaanza kuegemea mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma. Watu walidhani ameingiwa na wazimu. Alikuwa anapiga kelele bila kugeuka: "Na yule! Mtu aje kwa yule! Fanyeni kama mimi!"

Hakwenda mtu. Kilio kilikuwa kimeshapigwa, kwa sisi wote wawili. Mama yangu alikuwepo, mikono kichwani, macho kwangu.

Jambo moja mama alilirudia kila aliponisimulia. Alisema katikati ya kazi ile nilikohoa, nikanyamaza tena. Dresa akanigeuza, akanifuta tope usoni kwa kiganja, akabaki ameduwaa kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. "Alikuwa anaomba," mama alisema. "Aliomba kidogo, halafu akakulaza tena, akaendelea kwa nguvu kuliko mwanzo." Nikapumua. Nilipopumua sawasawa akainuka, akaenda kwa binti yake, akapiga magoti, akafanya vilevile mpaka mvua ikaisha, mpaka mwenye dawa ya radi akaja na kuondoka, mpaka mkewe akamshika mabega na kumwambia, "Baba Salome, inatosha."

Basi Ilomba nzima ikawa na habari yake: Dresa alimwacha wa kwake akamwokoa wa jirani. Nilikua ndani ya habari hiyo. Sijui kama mtu aliyelelewa bila habari kama hiyo anaweza kuelewa. Nikipewa gauni jipya, nililizungushia kanga nilipopita mlango wa Dresa. Nikifaulu mtihani, nilimwomba mama asipige vigelegele. Nilipovunja ungo, mama Salome alileta kuku, akanishika mkono, akasema, "Na mwenzio angekuwa hivi." Hakulisema kwa uchungu. Heri angelisema kwa uchungu. Kila msimu wa ndizi mama yangu alipeleka mkungu mkubwa kuliko yote, na Dresa alisema tu, "Weka pale," bila kuutazama, wala kumtazama mama.

Mchungaji naye alilifanya hubiri. Jumapili moja alisoma habari za Ibrahimu na Isaka, halafu akaangusha mkono kuelekea kwaya, ambako Dresa alikuwa nguzo ya besi, akasema hapa kwetu tunaye Ibrahimu. Dresa akasimama. Buti zake zikalia juu ya sakafu mpaka mlangoni, akatoka. Watu wakasema ni uchungu wa mzazi. Hakurudi tena kwenye kwaya, ila hakuacha kuimba. Kila Jumapili alisimama nje, kando ya dirisha, mvua au jua, na besi ikaingia kupitia dirishani. Tuliizoea. Mgeni akiuliza ni nani yule anaimba nje, tulijibu, "Ni Dresa," kana kwamba hilo linatosha.

Baada ya arobaini ya Salome ndipo alipoanza kufundisha watu. Mwanzoni hakuna aliyekuja. Wanaume walisema hayo ni mambo ya hospitali, wanawake walisema hawawezi kukalia maiti. Akawaendea wanawake walipo. Alifika uani kwetu wakati mama na jirani zake wanatayarisha ulezi, akasimama na buti zake.

"Ninyi mnasaga ulezi?"

"Tunasaga, Dresa. Unataka togwa?"

"Mnasagaje? Nionyesheni."

Jirani mmoja akapiga magoti nyuma ya jiwe, akashika jiwe dogo kwa viganja viwili, akaegemea mbele, akarudi. Mbele, nyuma. Uzito wa mabega ukashuka kwenye mikono iliyonyooka, ukaondoka, ukashuka.

"Hapo hapo," Dresa akasema. "Usibadilishe kitu. Toa jiwe, weka mtu. Mnajua tangu utotoni, ila hamkujua kama mnajua."

Wanawake wakacheka, wakaanza kujaribu mmoja mgongoni kwa mwingine. Mama yangu hakucheka. Alibaki anaitazama mikono yake. Dresa alipokwisha kwenda, mama akaniita kando akasema, "Gwe Tumpe, mikono yangu ilikuwa inajua. Nilisimama pale, na mikono inajua." Alikuwa msagaji hodari kuliko wote Ilomba. Tangu siku hiyo hakugusa jiwe la kusagia. Kusaga kukawa kwangu.

Kwa hiyo tulikuwa nyumba mbili zenye hatia, moja mbele ya nyingine, na mkungu wa ndizi unapita katikati.

Dresa aliendelea. Alishona gunia lenye umbo la mtu, akalijaza maganda ya mahindi, akaliita Mgonjwa. Alimfunga Mgonjwa nyuma ya baiskeli akaenda naye Mwanjelwa siku ya soko. Wachuuzi wa maharage walimsalimu: "Pole na safari, Mgonjwa! Dresa, anaendeleaje?" Naye bila kutabasamu: "Bado hajapumua. Nani atamsaidia?" Mtu akijitokeza kwa mzaha, alikuta mzaha umeisha. Dresa alimsimamia kama sajini. "Nyoosha mikono. Usikunje kiwiko. Egemea. Achia. Wewe unavunja uzio wa nani? Huyu alikuja kwako hapumui, sasa umemvunja na mbavu." Wanaume ndio waliomtesa, kwa kuwa walitaka kuonyesha nguvu. Wanawake walisaga.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, nami siwezi kuyapatanisha. Aliwafundisha watu pumzi, na yeye mwenyewe alivuta kiko kilichonuka mpaka barabarani. Aliwaambia watu dawa ya radi ni upuuzi, lakini wingu jeusi likitokea upande wa mlima alitoka nje bila kofia, akasimama uwanjani mpaka lipite. Mkewe alimwita ndani, hakuingia. Nilimwona mara nyingi kutoka mlangoni petu. Nilidhani anamtukana Mungu. Siku hizi nadhani alikuwa anajitoa apigwe.

Na aliweza kucheka, jambo ambalo watu wamelisahau. Mara moja panya walimtafuna Mgonjwa siku ambayo Dresa alikuwa amepanga kufundisha kwenye kilabu cha pombe. Akaomba mtu wa kulala badala yake. Fundi mwashi mmoja aliyekuwa amekunywa vya kutosha akajitolea, akalala kifudifudi, akasagwa kwa ustadi, na kwa raha ya kusagwa akapitiwa na usingizi mzito. Dresa akawa anaeleza, watu wamenyamaza wanasikiliza. Mara mke wa fundi akatokea, anamtafuta mumewe. Akamwona yuko chini, uso kwenye majani, watu wamemzunguka kimya. Akapiga ukunga. Na watu wa kilabuni, hata wale waliomwona fundi akijilaza mwenyewe, wakaudaka. Kilabu kizima kikalia. Fundi akazinduka, akakuta msiba, akauliza, "Nani tena?" Alipokosa jibu, akaanza kulia naye.

Dresa aliketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu kicheko kikakatika. Akamwendea yule mama, akasema kwa upole ambao hatukuuzoea, "Mama, ungemgusa kwanza."

"Niliogopa, Dresa. Nilisema nikimgusa nitamkuta baridi."

"Najua," Dresa akasema. "Hiyo ninaijua."

Nilikuwa nimesimama pale na kibuyu, nimetumwa pombe ya nyumbani. Niliyasikia maneno hayo, sikuyatilia maanani.

Mafunzo yake yalizaa. Kijana mmoja aliyesagia Mgonjwa pale Mwanjelwa alikwenda Makongolosi, kwenye mashimo ya dhahabu. Siku moja wakamtoa mwenzao shimoni, hewa ya chini imemshinda, hapumui. Wenzao wakamfunika blanketi. Kijana akalivuta lile blanketi, akasema, "Msilie kwanza." Wakataka kumpiga. Akasaga. Baadaye walikuja wawili Ilomba, msagaji na aliyesagwa, wakasimama mbele ya zahanati na jogoo wa shukrani. Dresa akamtazama yule aliyeokolewa kifuani kwa muda, kama alivyonitazama mimi.

"Ulimsaga mpaka lini?" akamwuliza kijana.

"Mpaka mikono ikafa ganzi, Dresa. Wengine wakaona, wakanipokea."

"Walikupokea?"

"Ndiyo. Walipoona ameguna, wakaja wenyewe."

Dresa akasema, "Vizuri," akaenda nyuma ya zahanati. Alikaa huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema moshi wa kiko umemwingia. Kiko kilikuwa mezani, kimezimika.

Kisha ikaja habari ya njia mpya. Daktari wa hospitali ya mjini alimwonyesha kwamba sasa unapiga magoti upande wa kichwa cha mtu, yeye bado kifudifudi, unagandamiza mgongo kisha unainua mikono yake kwa viwiko ili kifua kipanuke. Mwingine angekaa kimya. Dresa aliwaita watu wote aliowafundisha, wa sokoni, wa kanisani, wa kilabuni, akasimama mbele yao.

"Niliyowafundisha yalikuwa na upungufu," akasema. "Yalitoa pumzi, hayakuingiza ya kutosha. Ni kosa langu. Tunaanza upya."

Watu wakanung'unika. Mama mmoja akasema, "Dresa, jana tusage, leo tuvute mikono. Kesho je?"

"Kesho nikijua zaidi nitawaiteni tena."

"Na wale waliokufa kwa njia ya zamani?"

Alikuwa anakunja gunia lake. Hakuinua kichwa. "Hao ni wangu," akasema.

Mwaka huohuo nilikwenda Iringa kusomea unesi. Sitasema ni wito. Nilikwenda kwa sababu niliona siwezi kuishi maisha ya watu wawili kwa kulima mahindi. Muda si mrefu Dresa alistaafu, naye akarudi kwao, ng'ambo ya Ruaha Ndogo, karibu na mji niliokuwa nikisomea. Nilimwona mama Salome sokoni, akanielekeza nyumba, akasema, "Njoo, mwanangu. Mzee anakuulizia." Nikasema nitakuja. Sikwenda. Kila siku ya mapumziko nilipata nguo za kufua.

Kilichonipeleka ni somo. Daktari wetu alitoka likizo na elimu mpya. Alimlaza mwenzetu mmoja juu ya meza, chali, akamrudisha kichwa nyuma, akamwinua kidevu, akasema siku hizi mtu asiyepumua anapulizwa pumzi mdomoni, na imeonekana ni bora kuliko kugandamiza mgongo. Kisha akasema, kama jambo la pembeni tu, kwamba hii inawafaa hasa waliopigwa na radi, maana mara nyingi moyo wa mtu wa radi hurudi wenyewe, pumzi ndiyo huchelewa, na anayepuliziwa bila kukatiwa tamaa huweza kupona. Niliomba ruhusa nikatoka. Niliketi kwenye ngazi za nyuma, na nikamwona Salome uso ndani ya tope, labda moyo unadunda, na duara la watu wanamlilia, na mimi katikati nimeishika mikono miwili pekee iliyojua kazi.

Siku ya mapumziko nilivuka mto.

Dresa alikuwa peke yake nyumbani, ameketi uani kwenye mkeka, anachonga mpini wa jembe. Alikuwa amekonda. Buti zilikuwa miguuni bado, hazina kamba. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa ukutani, amewekewa viraka.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe, kisha nikapiga goti. "Shikamoo, Dresa."

"Marahaba. Umekunywa dawa?" Macho yake yalikwenda kifuani kwangu, yakatulia pale. "Unapumua vizuri. Mama Salome yuko kanisani. Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba najua alichokitoa, kwamba nimejaribu kustahili. Badala yake nikasema, kama mwanafunzi anayeripoti, "Kuna njia mpya, Dresa. Nimekuja kukueleza."

Mpini ukatua. "Eleza."

"Hatugandamizi mgongo tena. Unapuliza pumzi yako mdomoni mwake. Na mgonjwa analazwa chali."

"Chali?"

"Chali. Kichwa kinarudi nyuma, hivi."

Kiganja chake kikawa kinapapasa mkeka. "Chali," akasema tena. "Kwa hiyo unauona uso wa mtu."

"Ndiyo, unauona."

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo, Dresa."

Hapo ndipo aliponiambia. Aliuambia ule mpini, hakuniambia mimi.

"Watu wa Ilomba walisema nilichagua. Mchungaji akasema Ibrahimu. Mama yako akaniletea ndizi. Sikuchagua, binti. Niliona migongo miwili na magauni mawili. Nilikwenda kwa wangu. Nilikuwa na hakika ni wangu. Nilisaga nikimwita jina lake. Halafu ukakohoa, nikakugeuza, nikafuta tope. Ukawa wewe."

Nilisikia maji ya mto, au damu yangu masikioni.

"Ulikuwa umenyamaza tena," akasema. "Nikajua nikikuacha unakwenda. Na yeye yuko nyuma yangu. Kwa muda ule nilikuchukia. Nisamehe, nilikuchukia mtoto wa watu. Nikataka kuinuka, miguu ikakataa. Niliogopa kwenda kumgusa nikamkuta baridi. Nikakulaza tena, nikaendelea, kwa sababu mgongo wako ulikuwa na joto. Basi. Hakuna Ibrahimu pale. Mama yake mwenyewe sijamwambia."

Nitasema nilichohisi, ingawa si kizuri. Kwanza nilihisi nafuu. Miaka yote nilikuwa nimebeba uhai uliochaguliwa, na sasa naambiwa ulikuwa wa kukosea, na mtu hawezi kudaiwa astahili kitu alichopewa kwa makosa. Mara nafuu ikaniaibisha, maana mbele yangu alikuwa mzee aliyevaa buti zisizo na kamba, na mzigo niliotua mimi yeye alikuwa bado nao. Nikataka kumwambia kwamba alibaki. Kwamba aliponiona uso, akajua mimi ni nani, mikono yake ilirudi mgongoni kwangu. Lakini nilimjua. Angeniuliza kama nimekunywa dawa.

"Nionyeshe hiyo ya chali," akasema.

Nikanyoosha mkono kumchukua Mgonjwa ukutani. Akakataa. "Gunia halina uso," akasema. Akajilaza mwenyewe juu ya mkeka, polepole, mikono pembeni, buti zimeelekea juu. Nikapiga magoti kando ya kichwa chake. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso, vidole chini ya kidevu, nikamrudisha kichwa nyuma kama nilivyofundishwa.

Ndipo akanitazama. Hakutazama kifua, alinitazama usoni, macho kwa macho, kwa muda mrefu, kama mtu anayehakikisha. "Tumpe," akasema. Hakuwa ametamka jina langu tangu Salome alipokufa. Kisha akafumba macho na kulegeza taya, akawa mgonjwa.

Nilipaswa kueleza kinachofuata, na sikuweza. Machozi yalinitoka, yakamdondokea shavuni, yakashuka kuelekea sikioni. Halafu, bila kufumbua macho, kwa sauti yake ile ya kwata, akasema, "Nani amekuruhusu kulia? Mgonjwa bado ana joto."

Nikamfuta uso kwa upindo wa kanga yangu, nikaanza upya.